Kokoto za Jamvi la Mama Yako

Mkolani,
Mwanza.
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Nestory,

Shikamoo uliyonipa kwa simu juzi niliipokea, marahaba. Kifua kimepona? Baridi ya Ujerumani imeanza? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo hunikumbusha umri kila ninapoinuka, na wiki hii nimeinuka mara nyingi kuliko kukaa. Barua hii nimeianza mara tatu. Ningekupigia, lakini simu hukatika kabla sijafika kwenye maana. Hellen, binti wa jirani yetu, anasafiri Alhamisi kuja huko masomoni, yeye ataileta.

Nyumba ya mama yako imefika kwenye jamvi, ile sakafu ya zege juu ya msingi. Msingi umepanda, kifusi kimeshindiliwa, na fundi Masalu anataka kumwaga zege kabla ya mvua za vuli. Zege, unajua kuliko mimi, ni saruji, mchanga, maji na kokoto. Shida yetu ni hiyo ya mwisho.

Uliniagiza nisinunue kokoto zinazogongwa kwa mkono. Ulisema huko ofisini kwenu mnakochora majengo mmefundishwa kuuliza kila tofali limemuumiza nani, nawe hutaki mama akae kwenye nyumba iliyotokana na mateso ya akina mama wengine. Nilikusifu. Mimi mwenyewe nimeyaona: huchoma matairi juu ya mwamba mpaka upasuke, moshi ukawaingia vifuani, kisha wakakaa juani na nyundo kutwa nzima. Jicho la kushoto la mama yako lilikwenda na kipande cha jiwe ukiwa darasa la tano. Basi nikaagiza lori la kokoto za mashine.

Ningeishia hapo, afadhali. Lakini nilikwenda mwambani kuwaeleza wale akina mama wanaogonga. Miaka thelathini na minne ya ualimu hainiachi niwapite watu bila kuwaeleza. Nikawaambia kwamba mtoto wao Nestory amewahurumia. Walinisikiliza kwa adabu. Halafu Evelina, aliyegonga mawe ubavuni mwa mama yako miaka yote ile, akaniuliza, "Mwalimu, na hiyo huruma, tukiibandika jikoni, tunaitia maji kiasi gani?"

Walicheka mpaka wakaweka nyundo chini. Nami nilicheka, nikarudi nyumbani.

Mama yako alipata habari kabla sijafika mlangoni. Hakugombana nami. Aliuliza tu lori lilipita njia gani. Nikamwambia lilipita pale pale mwambani, mbele ya wenzake. Asubuhi yake alifunga kanga kiunoni, akatoa nyundo yake uvunguni, akaenda kukaa na Evelina. Ana miaka sitini na tisa na jicho moja, Nestory. Nimemfuata mara mbili kumsihi arudi. Mara ya pili alinijibu bila kuinua uso: "Kaka, hawa ndio walionigongea nilipokuwa nauguza jicho. Nikalale kwenye nyumba iliyowapita?"

Sikulijua hilo. Kumbe miezi mitatu ile ya kuuguza jicho kila mmoja alikuwa akimwaga debe lake moja kwenye rundo la mama yako, nawe ukabaki shuleni. Miaka yote nimeamini ni zile sare nilizokununulia.

Sasa nivumilie nieleze, kama zamani. Hukukosea kuuliza jiwe linamuumiza nani. Ila wewe na mimi hatukumwuliza anayeumia anataka nini. Nimewauliza sasa. Wanataka miwani ya kukinga macho, turubai la kivuli, na mnunuzi asiyelitikisa debe ili kokoto ziingie zaidi. Matairi watayaacha wakipata mtu wa kupasua mwamba kwa patasi na nyundo kubwa. Masalu amezikagua kokoto zao: mwamba ni uleule wa zile za mashine, zinataka kuchekechwa tu vumbi litoke.

Lori la pili nimelizuia bila ruhusa yako. Mzigo wa lile la kwanza Masalu ataumalizia kwenye uzio. Lakini nyumba unaijenga wewe, na jamvi halitamwagwa hata toroli moja mpaka useme. Ukishasoma, nipigie siku hiyo hiyo. Upande wa Kamanga mawingu yameanza kupanda juu ya ziwa.

Naandika nikiwa barazani. Nyundo zinasikika hadi hapa, nami nimejifunza kuitambua ya kwake: mapigo mawili mafupi, kisha anapumzika. Pumziko likirefuka, nasimama.

Msalimie Winnie na watoto. Babu yako mdogo Chenge wa Kisesa anakusalimu, na binamu yako Revocatus anauliza kama miguu yenu bado inalingana, maana viatu vimemwishia. Mungu awape afya, na kazi ya mikono yenu isiwaaibishe.

Mama yako nilimwomba salamu zake. Alichagua kokoto moja kwenye rundo, akaipangusa kwa kanga. Nimeitia kwenye bahasha. Hellen asiitupe akidhani ni uchafu. Alisema, "Mwambie hiyo ni ya kwanza. Nyingine naendelea."

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Nkwabi