Fosfeti iliyoniumbua

Ndugu yangu, leo mjinga nilikuwa mimi. Usicheke kwanza.

Nimemkuta mchumba wangu maabara na yule Miwani wa darasani kwetu, bega kwa bega, wameinamia daftari moja. Wivu ukanipanda hadi utosini. Miwani kachora molekuli yenye besi na sukari, kaandika: adenosini, nyukliosidi.

Nikaropoka, "Umekosea! Hiyo ni nyukliotidi!"

Mchumba akaniuliza taratibu, "Fosfeti iko wapi?"

Fosfeti iko wapi! Mbele ya Miwani! Bila fosfeti haiitwi nyukliotidi, ni nyukliosidi tu, hata mimi najua, ila macho yangu yalikuwa kwenye mabega yao.

Nikang'aka, "Kwani lazima akufundishe yeye?"

Akafunga daftari. "Najifunza ili nikufundishe wewe. Baba kasema bila cheti hakuna harusi. Ukifeli mara ya tatu nitaolewa na nani, fosfeti?"