Hesabu mbili za Daktari Ochieng

Eldoret, Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi.

Hesabu mbili zimelingana. Amesema hivyo Daktari Ochieng, mwalimu wa fizikia, leo saa tano, na nimeziona mwenyewe kwenye karatasi.

Jumatatu sikuwa na habari ya kulipelekea gazeti, nilikuwa na malalamiko ya Daktari tu. Chuo kina kompyuta moja, na msajili anaitaka kwa orodha za wanafunzi. Amempa Daktari hadi Ijumaa aonyeshe kwamba njia yake inatoa majibu sahihi. Akishindwa, mashine inahamishwa.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya madini elektroni zinapita, atomi zinatikisika, na kila upande unausukuma mwingine. Ili kuiga hayo, kompyuta inasogeza atomi moja, inapiga hesabu, inasogeza nyingine, maelfu ya mara. Njia ndefu hurudia hesabu nzima kila mara. Daktari hurekebisha pale tu palipoguswa. Kazi ya wiki inaisha kabla ya chakula cha mchana.

Ila majibu yake hayakufanana na ya njia ndefu. Juzi alisema njia ndefu ndiyo yenye kosa. Nikaandika hivyo.

Nakiri, niliipenda habari kabla haijaiva.

Jana Mama Wanjiru, mpiga taipu wa idara, alikuwa anafuma sweta ya mtoto wake huku akimsikiliza Daktari akijisifu kwamba haigusi tena hesabu nzima.

"Kwani wewe Daktari unafuma bila kuhesabu?"

"Kuhesabu nini, Mama?"

"Mishono. Mimi kila mistari kumi nahesabu yote upya. Kakosa kadogo hukaoni, mpaka mkono mmoja unatoka wa baba, mwingine wa mtoto."

Daktari alicheka. Halafu akaacha kucheka, akarudi kwenye mashine.

Kila rekebisho lilikuwa linadondosha tarakimu za mwisho, na upungufu huo ulikuwa ukirundikana. Sasa, baada ya hatua kadhaa, mashine inapiga hesabu yote upya, kisha inaendelea kwa njia fupi. Inachelewa kidogo tu, na majibu yake sasa ni sawa na ya njia ndefu.

Nimeichana ile habari ya juzi. Mpya ina jina la Mama Wanjiru katika aya ya pili. Mhariri akilikata, nitampigia simu.

Kesho saa tatu asubuhi msajili anakuja kuiona mashine ikifanya kazi. Nafasi ya kichwa cha habari nimeiacha wazi.