Analia Mlangoni kwa Kilatini

Alhamisi, 6 Machi 2025

Nimesoma shairi zima la Kilatini peke yangu. Mimi, Nives, msusi wa mtaa wa Garbatella hapa Roma, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na tatu! Kamusi nimeifungua mara nne tu.

Shairini kuna mwanamume wa Roma ya kale, amelewa, ananyeshewa, anaulilia mlango wa mpenzi wake. Kwenye darasa letu la Kilatini, pale maktaba, Ruggero — wakili mstaafu, lazima akohoe kwanza ndipo aseme — akasema hayo ni machozi ya mapenzi ya kweli. Nikanyoosha mkono. Mapenzi gani? Shada la maua limemwangukia sikioni, na katikati ya kilio anauambia mlango kuwa mtaa wa pili kuna mwanamke mwingine atakayemfungulia. Mshairi anamcheka huyo mtu.

Ruggero akauliza hayo nimeyasomea wapi.

Saluni, nikamwambia. Miaka arobaini nasikia habari za wanaume wa namna hiyo.

Mwalimu Egle akaurudia ule mstari, polepole. Akasema amelifundisha shairi hili miaka thelathini na sita, hajawahi kulicheka. Akacheka.

Nimerudi kwa miguu. Kichwa juu.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yangu Loredana kapiga simu. Baba yake kaachana na yule mwanamke wake wa Ostia, anataka kurudi kwangu. "Mama, amekonda. Msikilize tu." Nikamwambia nina vitenzi vya kusoma.

Jumapili, 9 Machi

Settimio, baba yake Loredana, yuko chini mlangoni. Anabonyeza kengele tangu saa tano. Ana mimosa mkononi, maua ya njano wanayopewa wanawake siku yao — Siku ya Wanawake ilikuwa jana. Mvua imeanza.

Nikafungua dirisha. "Nives, nifungulie, nitakufa hapa ngazini." Nikamwambia asogee basi, anawazibia watu njia.

Akaanza kulia. Miaka mitatu iliyopita ningeshuka mbio na taulo. Leo nimechukua kitabu. Nikamsomea beti mbili kwa Kilatini, kisha kwa Kiitaliano chetu cha mitaa ya Roma, neno kwa neno, bila kukwama. Jirani wa juu akapiga makofi.

Settimio akauliza nani kaniandikia hayo.

"Hakuna. Nimesoma mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi."

Akajifuta uso. Halafu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane: "Hebu soma tena. Pale anaposema na mlango."

Kahawa imechemka. Kengele ameiacha. Amesimama palepale anatazama juu, analowa, anasubiri.

Natafuta ukurasa.