Shemeji, Siku Hizi Wananiamini

Shemeji,

Mimi ndiye mtu wa kwanza wilaya nzima ya Kilosa kuielewa ile mashine yako ya oksijeni, tena niliwatangulia madaktari. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu hapa Mikumi. Na balaa lenyewe ni kwamba wananiamini.

Juzi nilimsimulia fundi pikipiki jinsi nilivyomsimamisha tembo barabara kuu mpaka basi la Iringa likapita. Akasema, "Duh, hongera mjomba." Hongera! Ungekuwepo wewe ungeshamwaga chai: "Mwongo mkubwa! Huyo tembo ulimwonyesha kitambulisho gani?" Sasa wananiamkia shikamoo, wanasikiliza, wanaitikia. Hata dada yangu, mkeo, ananiacha tu niseme, naona ananihurumia. Shemeji, uongo usio na mtu wa kuubishia hauna ladha. Naufikisha nusu, naacha.

Nakumbuka hospitalini. Mapafu yako yalikuwa yameliwa na vumbi la mkonge, miaka yote ile ya kiwandani Kilosa. Mwanzoni nesi ndiye alikuwa anazungusha koki ya oksijeni kwa mkono, anaongeza, anapunguza, anakimbilia kitanda kingine. Halafu wakakuuliza kama unakubali kuwekewa mashine waliyokuwa wanaijaribu, ukaitikia kwa kichwa. Barakoa usoni, kibano kidoleni. Kibano kinasoma oksijeni iliyomo kwenye damu: ikishuka, mashine yenyewe inakuongezea; ikipanda, inapunguza. Haiguswi na mtu. Nesi alinieleza hilo tena na tena, maana kila akigeuka ananikuta nimeinyooshea mkono.

Nikakwambia, "Hii imetengenezwa kwa ajili yenu Wanyamwezi. Mmebeba mizigo ya watu toka Tabora mpaka huku kwetu Ukaguru, pumzi ikawaishia, mkashindwa kurudi makwenu."

Ukacheka. Namba ikaporomoka, mashine ikavuma, ikakuongezea. Nesi akaja mbio: "Mjomba, tafadhali, usimchekeshe. Anatumia pumzi ambayo hana."

Basi nikanyamaza. Mimi! Nilikaa kwenye lile benchi nimefunga mdomo tangu uji wa asubuhi mpaka jioni, na wewe namba yako imetulia, nikawa nawaza: huyu akipona, ni kimya changu kimemponya, nitakisimulia mpaka ng'ambo ya Ruaha. Kumbe wewe unanitazama tu. Ukaivuta barakoa pembeni.

"Mbona umenyamaza? Nimeshakufa?"

Nikakurudishia barakoa. Nikamwangalia nesi. Akaitazama mashine, akanitazama mimi, akasema, "Haya. Lakini taratibu."

Ndipo nikakupa yule mamba wa mto Mkondoa niliyemfunga mdomo kwa mshipi wa suruali. Taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Pale suruali ilipoanguka mashine ikakuongezea kidogo, ukatulia, ikapunguza. Nikaendelea hivyo, jicho moja kwako, jicho moja kwenye namba. Hicho ndicho nilichokielewa kabla ya madaktari, Shemeji. Uso wako ulikuwa umefunikwa, na bado kwa ile namba nilijua umecheka.

Wiki ile ile ukaondoka. Daktari alimwambia dada kwamba mapafu yalikuwa yamefika mwisho, hakuna cha kulaumu. Nilimfuata baadaye koridoni, peke yangu, nikamuuliza kuhusu kucheka. Akanijibu vilevile. Nikamuuliza tena.

Mwezi uliopita nilimpeleka jirani hospitali, nikachungulia ile wodi. Mashine ipo. Amewekewa bibi mmoja wa Kimasai, na mwanawe amekaa kando, kimya, anaangalia miguu yake. Kidogo niingie. Nilisimama pale mlangoni na yule mamba mdomoni, Shemeji, halafu nikakukumbuka, nikageuka nikaondoka naye.

Nitakuja huko Mvumi tulikokuzika, kabla ya mvua, kulipalilia kaburi lako. Nitakuja na uongo mpya, ambao sijamwambia mtu, na nitautoa wote, mpaka mwisho wake. Ulale salama, Mnyamwezi wangu.

Ila kuna jambo la msibani. Unajua kazi ya mtani, ilibidi nikuigize watu wacheke. Nikavaa koti lako, nikashika kifua, nikaanza kuhema kama ulivyokuwa unahema. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wanasema hajatokea mtani kama mimi, na sifa hizo nazitembeza mpaka leo, sijamkatalia hata mmoja.

Shemeji, sikuwa naigiza. Ile ilikuwa kwikwi ya kulia.