Biri za Baba Mkwe Kwenye Chumba cha Cherehani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, maana nimejibana mwenyewe kwenye kona na sioni pa kutokea.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, nashona mapazia nyumbani, mume wangu ni fundi wa lifti, na mwaka mmoja na nusu uliopita tulimchukua baba mkwe aje kukaa nasi baada ya mama mkwe kufariki, na mama mkwe alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, naomba hilo ulishike kwa sababu ndilo chanzo cha yote. Baba mkwe alifanya kazi miaka thelathini na minane kwenye karakana ya kusokota biri, zile sigara nene za jani zima la tumbaku, na kila jioni alikuwa akivuta moja nyumbani, na mama mkwe hakuwahi kuigusa hata kwa mdomo lakini mapafu yaliyokwisha yalikuwa ya kwake. Mume wangu hajawahi kumlaumu baba yake waziwazi. Tuliporudi kutoka makaburini alisema tu mbele yetu sote, "Kuanzia leo tumbaku haiingii nyumbani kwangu, na atakayeiingiza atatoka nayo," baba akatikisa kichwa kukubali, na tangu siku hiyo hajavuta hata moja, hilo naliapia.

Alipokuja kwetu alikuwa kama mzigo uliosahauliwa kituoni. Anakula vijiko vitatu, "Nimeshiba mama, asante," anarudi kukaa ukingoni mwa kitanda na kutazama viganja vyake. Mimi na yeye, unajua tena mambo ya ukwe, tulikuwa tunaamkiana na kupishana koridoni kwa adabu, basi. Daktari alimpima kila kitu akasema mzee hana ugonjwa, ila hana cha kufanya.

Sasa siku moja alikuja kumsalimia rafiki yake wa kazini wa zamani, akiwa na furushi la gunia, nikawapa chai nikaenda sokoni kununua uzi. Niliporudi mgeni alikuwa ameshaondoka na baba alikuwa kwenye chumba changu cha cherehani, amesimama mbele ya meza yangu ya kukatia, na juu yake ametandaza jani la tumbaku kubwa kama leso.

"Baba!" nikasema.

"Usiogope mama, siivuti. Nataka kujua tu kama mikono bado inanijua."

Nilitakiwa kukataa hapo hapo, mshauri. Badala yake nikamwuliza anahitaji nini, akasema maji kidogo, nikampa ile chupa ya kunyunyizia ninayotumia kupigia pasi.

Nilimtazama akilinyunyizia jani mpaka likalainika kama ngozi ya mkoba, akaushika ule mshipa wa katikati akauvuta kwa mara moja ukatoka mzima, akakunja majani ya ndani kiganjani moja moja, akayafunga kwa jani jingine, halafu akaivika biri lile jani zuri la juu kwa mshazari kama mtu anayemfunga mtoto bandeji, na mwisho akabandika ncha kwa tone la uji wa unga wa ngano. Mikono iliyokuwa inamwaga chai kila ikishika kikombe haikutikisika hata kidogo. Siku iliyofuata akaniambia nijaribu. "Usiikabe mama. Ukiikaba haipumui, ukiilegeza inaungua kama gazeti." Ya kwanza yangu ilitoka kama kiazi kitamu, akaiinua, akaigeuza, akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikageukia dirishani kwa sababu tangu tumzike mama sikuwahi kumsikia akicheka.

Sasa ni miezi minne. Kila asubuhi mume wangu akienda kazini tunakaa pale, mimi na baba, na ananisimulia maisha yake, anakula sahani nzima, anaomba aongezewe, na mume wangu anasema, "Umemlisha nini mzee wangu, amenawiri," na mimi nainama chini. Harufu nilimwambia ni dawa ya nondo. Akasema, "Basi nunua hiyo hiyo, sijamwona nondo hata mmoja." Mteja mmoja aliniuliza kwa nini mapazia yake yananukia kama babu yake. Biri zimejaa masanduku mawili ya viatu chini ya vitambaa, na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba sifanyi kwa ajili ya baba peke yake, naipenda hii kazi, mwezi uliopita nilisokota moja iliyonyooka baba akaipitisha vidoleni akasema, "Hii ingepita kwa msimamizi," na nilifurahi kuliko siku niliyoolewa, Mungu anisamehe.

Baada ya wiki mbili wifi yangu mkubwa anakuja kukaa nasi na atalala chumba hicho hicho, na pua yake haidanganyiki. Nikimwambia mume wangu, atamrudisha baba kwenye ile nyumba tupu. Nikimwambia baba aache, atarudi ukingoni mwa kitanda. Nifanye nini?

Mshona mapazia

*

Mama mshona mapazia,

Nakujibu kwa posta kabla ya gazeti kwa sababu wifi yako hatasubiri toleo la Jumapili.

Kwanza pole, na hongera. Umemrudishia mzee hamu ya kula, jambo ambalo daktari na vipimo vyake hawakuliweza. Miaka yangu ya ukunga ilinifundisha kwamba mtu hushikilia uhai pale mikono yake inapopata cha kushika, kwa hiyo sitakucheka hata kwa kile kiazi kitamu.

Sasa nivumilie nikugombeze. Dawa ya nondo! Mwanamke mzima! Mumeo alizika mama yake, akaweka sharti moja tu nyumbani kwake, moja, na wewe umelivunja kila asubuhi kwa miezi minne halafu ukamwacha asifie dawa. Na mzee umemgeuza mtu wa kujificha kwa mwanawe. Unadhani analala vizuri? Mtu aliyekubali mbele ya waombolezaji kisha akakubali kuficha masanduku chini ya vitambaa, huyo ana jambo moyoni zaidi ya biri.

Na hukuniambia kitu kimoja. Hizo biri za masanduku mawili zitaingia kwenye mapafu ya nani? Mama mkwe wako hakuvuta hata moja. Kazi nzuri ya mikono haiondoi sumu ya jani. Siipendi tumbaku, na sitajifanya naipenda kwa kuwa umeandika vizuri.

Fanya hivi. Leo, si kesho, fungua madirisha ya chumba hicho na utoe vitambaa vya watu humo. Tumbaku iliyoloa hupenya kwenye ngozi, kwa hiyo kama kichwa kimekuwa kikikuzunguka asubuhi usiseme ni uchovu, vaa glovu, naye avae, na unawe kwa sabuni kabla hujagusa sufuria. Kisha mwambie baba mkwe kwamba Jumamosi mchana, mkishakula, mtamwambia mumeo. Wewe utakiri uongo wako, ule wa nondo, na utaishia hapo. Ya kwake aseme mwenyewe. Usimtetee wala usimsaidie maneno, hata akinyamaza mpaka chai ipoe. Na mumeo akifoka, mwache afoke. Akisema mzee aondoke, usijibu siku hiyo, niandikie.

*

Wasomaji wapendwa, barua hizo mbili nisingezichapa bila ruhusa. Mwenyewe amenipa, pamoja na hii:

Mshauri, nilifanya kama ulivyosema, ila chai haikupata hata nafasi ya kumiminwa. Nilikiri lile la nondo, mume wangu akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, halafu baba akaenda mwenyewe kuleta masanduku, akayaweka mezani, akafungua vifuniko. Mume wangu akasimama, akaenda mpaka mlangoni. Nilijua anaondoka. Akageuka akauliza, na sauti haikuwa kali, ilikuwa ya mtoto, "Baba, ulikuwa unajua inamuumiza mama?"

Nilitaka kusema kitu. Nikakumbuka agizo lako nikang'ata ulimi.

Baba akasema, "Nilijua. Akikohoa nilifungua dirisha, nikajiambia inatosha. Haikutosha, na nilijua haitoshi. Alipolazwa nikaacha, na kwake ilikuwa imeshachelewa. Nimesubiri uniulize, mwanangu. Wewe hukuuliza, na mimi nilikuwa mwoga."

Mume wangu akarudi akakaa. Walilia wote wawili, mshauri, wanaume wazima, kila mmoja akitazama upande wake. Halafu mume wangu akasema, "Harufu hii siwezi kuipenda, usiniombe niipende. Lakini sitaki baba yangu ajifiche kwangu kama mwizi." Jioni ile ile akachukua futi kamba, akamwambia baba akunje mkono, akampima kuanzia sakafuni hadi kwenye kiwiko, mara mbili, maana ndivyo anavyofanya kazi zake, na sasa kuna meza ya mbao kwenye banda la nyuma lililo wazi pande tatu. Masharti ni mawili: hakuna kiberiti, na hakuna kinachoingia ndani. Wifi amefika, amenusa, ameambiwa yote kabla hajafungua begi. Hajazungumza na baba bado. Lakini jana alimpelekea maji bandani, na alikaa kidogo.

*

Mama mshona mapazia, vizuri.

Ya wifi yako mwachie mwenyewe, naye ana swali lake na atalitoa siku yake. Usimsukume, na baba mkwe asilikwepe likija. Mumeo kuna siku ataamka na hasira upya, asikutishe, msiba wake ndio kwanza umefunguliwa mlango. Umpe ukweli hata kwenye vitu vidogo, mpaka azoee tena kukuamini, na hilo litachukua zaidi ya wiki mbili.

Kuhusu biri, mwombe mzee asokote chache na azifumue mwenyewe ili asokote tena majani yale yale, jani likivunjika mtafute jingine. Rafiki yake akizitaka, baba ndiye aamue, kwa kuwa sasa anajua vizuri swali la kujiuliza, zitaingia mapafu ya nani. Na wewe, ikiwa unapenda kazi ya vidole vinavyofikiri, ipende bila kuomba Mungu akusamehe. Kesho asubuhi nenda bandani, vaa glovu, kaa upande ambao upepo hautakupulizia, umwambie baba akufundishe ule mvuto mmoja unaotoa mshipa mzima. Hujaniambia kama umeshauweza.