Hatua Thelathini Mpaka Kisima cha Mama Kaomba

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa nane

Chai, bukari ya muhogo ya jana, halafu moja kwa moja kwa Feza. Resto yake imefungwa, sasa ni wiki ya tatu. Fosi ya zamani, tangi la choo, ilipasuka ziwa lilipopanda. Maji ya choo yalitoka kwenye kiwanja mbele ya wateja wenye sahani mikononi. Biro yetu ya usafi ikamukataza kupika mpaka ajenge fosi mupya. Karatasi ile njo mimi niliiandika. Feza ni mutoto wa dada yangu.

Shimo la kwanza, la saruji, limekwisha. Vyumba viwili, lipu safi. Shimo la pili, lile la kunywesha maji udongoni, limechimbwa pale pale nilipoonyesha mwezi uliopita: hatua thelathini kutoka kisima cha jirani, Mama Kaomba. Sheria inataka mita thelathini. Hatua yangu ni mita moja. Nilijifunza kwenye reli nikiwa kijana. Injinia mumoja wa Kongolo alinifuata na ribani ya kupimia kilometa nzima, akikagua kila hatua. Mwisho akatupa ribani yake katika Lualaba. Kalemie yote inajua.

Jumanne, tarehe 5

Tumejaza fosi maji mpaka juu. Nimepiga alama ya chaki kwenye ukuta. Maji yakishuka, kuna ufa. Masoni, Papa Mulongo, alinuna. Anasema saruji yake haivuji. Nikamwambia saruji naheshimu, lakini chaki njo naamini.

Goti linauma. Wafanyakazi wakauliza. Nikawapa hadisi ya kiboko wa muto Luvua, kule Ankoro: alipindua mutumbwi, akanishika goti, nikamutia kidole jichoni mpaka akaniachia na kuinamisha kichwa kama muntu anayeomba musamaha. Walicheka, mumoja akaangusha chepeo. Hadisi ina miaka miwili. Kiboko anazidi kunenepa.

Feza hakucheka. Jumamosi ana ndoa ya kupikia, watu mia na hamsini, kazi yake ya kwanza kubwa. Akiikosa, anasema, anafunga na kurudi Moba kwa mama yake. Nikamwambia Ijumaa nitatia sahihi. Nilipiga kifua.

Jumatano, tarehe 6

Maji hayakushuka hata unene wa kucha. Mulongo alitembea kama askofu.

Halafu bomba. Kutoka fosi mpaka shimo la pili nilihesabu hatua nane. Mulongo akaleta bomba moja, la mita sita. Nikamwambia halitatosha, aende kutafuta kipande kingine. Mulongo akalibeba. Akalilaza. Likafika, ncha yake ikaingia shimoni.

Nikasema viwanda vya siku hizi vinatengeneza bomba ndefu kupita kipimo. Wafanyakazi wakakubali. Mulongo alinitazama tu.

Wakati wanakula nilitembea kando ya bomba lile la mita sita, peke yangu. Hatua nane. Nikarudia. Nane.

Sikula vizuri. Samaki za ndagala zilikuwa na muchanga.

Alhamisi, tarehe 7

Asubuhi nilipita kwenye reli. Nguzo mbili zile zile za zamani, kati yake mita mia. Zamani hatua mia. Leo mia na thelathini na tatu.

Nikarudi kwa nguvu, nikirusha muguu kama askari wa paredi. Mia na ishirini na tisa, na goti likawaka moto. Nikakaa juu ya chuma cha reli. Mama mumoja mwenye beseni la samaki akaniuliza kama ninangoja treni. Nikasema ndiyo.

Hesabu siyo ngumu, hata kwa muntu aliyeacha shule mwaka wa sita. Hatua thelathini zangu ni mita ishirini na mbili na kitu.

Shimo limekwisha kujazwa mawe. Kesho kifuniko.

Nilipofika kazini, Mama Kaomba alinipa kikombe cha maji ya kisima chake. Baridi, matamu. Nyumba kumi na mbili zinateka pale. Kipindupindu kilimuchukua mume wake. Maji ya wakati ule yalikuwa ya ziwa, njo sababu alichimba kisima. Akaniambia, "Papa Sangwa, wewe ukisema ni mbali, mimi nalala usingizi."

Nilikunywa yote. Nikarudisha kikombe, nikaenda kuangalia mawe.

Ijumaa, tarehe 8

Karatasi ya ruhusa ilikuwa mufukoni, kalamu pia. Hakuna ambaye angepima nyuma yangu. Kwa miaka hakuna aliyepima nyuma yangu. Niliwaza hilo kutoka nyumbani mpaka kwenye daraja.

Kwenye daraja nikakata kushoto. Nikaenda kwa Papa mumoja mupima viwanja, nikaazima ribani yake ndefu. Aliniuliza ribani ya nini, wewe na miguu yako. Nikasema ni ya muntu mwingine.

Feza alikuwa anasugua masufuria ya kesho. Nikamwambia hatua yangu imefupika, shimo liko karibu na kisima. Akaendelea kusugua.

"Mujomba, leo sina nafasi ya hadisi."

"Siyo hadisi."

"Basi kiboko amekula mita ngapi?"

Wafanyakazi wakacheka. Nikarudia, wakacheka zaidi. Miaka yote nawadanganya, wanaamini. Siku moja nasema kweli, wanashika tumbo.

Nikamupa Mama Kaomba ncha ya ribani, ashike kwenye ukingo wa kisima. Nikaivuta mpaka shimoni. Mulongo njo alisoma, kwa sauti: mita ishirini na mbili, sentimeta arobaini. Hakuna aliyecheka tena.

Feza aliweka sufuria chini. "Na lile goti?"

"Hakuna kiboko. Niliteleza kwenye sabuni, bafuni."

Aliingia jikoni, akafunga mulango. Mama Kaomba alikuwa bado ameshika ncha ya ribani. Nilimwambia aiachie. Aliiachia polepole.

Karatasi nimeirudisha mufukoni bila sahihi.

Jumamosi, tarehe 9

Ndoa imehamia ukumbi mwingine. Muziki ulisikika mpaka kwetu shimoni.

Tulitoa mawe. Nami nilibeba, goti au si goti. Mulongo hakunicheka. Afadhali angecheka. Shimo jipya litakuwa upande wa barabara, nyuma ya jiko. Feza alipita mara mbili. Hakunisalimia.

Jumapili, tarehe 10

Misa. Watu wanajua tayari habari ya sabuni. Mumoja alinipa pole ya bafu. Nikapokea.

Jumatano, tarehe 13

Shimo jipya limekwisha. Mama Kaomba kwenye kisima, Feza kwenye shimo, ribani kati yao. Mimi nilisimama pembeni na kitabu. Feza alisoma: thelathini na nne na nusu. Akasoma mara ya pili bila kuombwa. Nikaandika, nikatia sahihi.

Wateja wanne mchana. Watano, ukinihesabu. Feza aliniwekea bukari na mikebuka, kichwa cha samaki upande wangu, kama zamani. Moba hakuitaja.

Muteja mumoja, mugeni, aliniona nikichechemea, akauliza muguu umepata nini. Feza alisimama na sahani mukononi, akingoja.

Nikasema sabuni.

Ribani nimeirudisha kwa mwenyewe. Nimerudi nyumbani kwa miguu, njia ya ziwani. Sikuhesabu.