Baada ya Sita, Nane

Jumamosi, jioni. Jua lilichoma mtaa wetu wa Migosi tangu asubuhi, kisha saa tisa mvua ikaja kutoka ziwani bila hodi na kulowesha nguo zangu zote kwenye kamba. Sikutoka kuzianua. Nilikuwa nimekaa jikoni namtazama mdogo wangu akisoma simu, na roho yangu ilikuwa mkononi.

Ngoja nieleze vizuri, angalau nijielewe mwenyewe.

Mdogo wangu ni Atieno. Anauza nyanya soko la Otonglo, na mtoto wake Hawi anatimiza miaka miwili mwezi ujao. Mapema mwaka huu Hawi alipimwa akapatikana na selimundu, ule ugonjwa ambao huku sisi tunauita sickle tu, ambapo chembe za damu zinapinda na kukwama kwenye mishipa, na mtoto analia kwa maumivu ambayo huwezi kuyaona wala kuyapuliza. Tangu siku hiyo Atieno amekuwa mtu wa maneno machache. Mimi nimekuwa mtu wa maneno mengi. Sijui nani kati yetu anamchosha mwenzake zaidi.

Kliniki walimwelekeza kwa Mama Pamela, muuguzi mstaafu anayewakutanisha wazazi kwenye ukumbi wa kanisa hapa mtaani. Mama Pamela ameandika mwongozo wa kumtunza mtoto wa aina hii, kwa Kiswahili chepesi, na mtu wa cyber akauchapa na kuuweka mtandaoni. Wote. Sura kumi na nne kwenye ukurasa mmoja, mrefu kama barabara ya Busia.

Kwenye kompyuta si neno. Kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, unasukuma kwa kidole mpaka kidole kinakufa ganzi. Simu ikiita, ukurasa unarudi mwanzo na kula bando upya. Atieno aliufungua mara moja tu. Alikuwa anatafuta mambo ya homa, kidole kikateleza, kikatua kwenye kichwa kilichosema Kiharusi. Akauzima, na hakuufungua tena. Mtoto wake ana mwongozo mzima wa kumsaidia, na mama anauogopa kama nyoka kwenye kuni.

Mama Pamela aliposikia kwamba kazi yangu ni kutengeneza tovuti, alinikamata mlangoni mwa kanisa na kuniomba niukate mwongozo uwe kurasa fupi fupi zinazofuatana.

"Kata vile unataka," akaniambia. "Lakini usitupe kitu."

Nikaahidi.

Kazi yenyewe niliifurahia, lazima niseme. Wiki nzima sikuwaza kitu kingine. Skripti ni maagizo mafupi unayoandikia kompyuta, nayo inayafuata bila kuchoka wala kununa, jambo ambalo siwezi kusema juu ya binadamu wengi ninaofanya nao kazi. Yangu ilisoma mwongozo mstari kwa mstari. Kila ilipokuta alama ya h2, ile inayoanzisha kichwa cha sura, ilifunga faili iliyokuwa ikiandika na kufungua mpya. Basi, rahisi hivyo.

Isipokuwa mara ya kwanza nilipata kurasa kumi na moja badala ya kumi na nne. Kumbe mtu wa cyber aliandika baadhi ya alama hizo kwa herufi kubwa, na skripti yangu haikuzitambua, kwa hiyo sura ya maji ya kunywa na sura ya baridi zilitoka zimegandana kama chapati zilizopangwa moto moto. Nikarekebisha. Halafu sura ya kumi ikaja kukaa mara tu baada ya ya kwanza, kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa herufi na haijali kuhesabu. Nikaongeza sifuri mbele ya namba ndogo. Halafu linki za ndani zikafa zote. Pale Mama Pamela alipoandika "angalia sehemu ya homa", linki ilikuwa inaruka chini kwenye ukurasa ule ule, na sasa chini hakuna kitu, homa imehamia nyumba yake. Nikaandika maagizo mengine yanayokumbuka nani amehamia wapi na kubadilisha anwani moja moja.

Mwisho kabisa, chini ya kila ukurasa, nikaweka linki tatu: Nyuma, Yaliyomo, Mbele. Niliigusa Mbele kwenye simu yangu nikaona sura ya pili inafunguka mara moja, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu nikafika kwenye ya saba.

Kiharusi. Nilisoma kichwa na mstari wa kwanza, unaosema kwamba watoto wa sickle wanaweza kukipata wakiwa wadogo sana. Nikaona uso wa Hawi. Nikarudi kwenye skripti na kuongeza mstari mmoja mfupi: faili ya saba, iruke.

Sikuifuta. Hilo nililisisitiza sana moyoni, kana kwamba kuna hakimu ananisikiliza. Faili ipo, imetulia kwenye seva, ila hakuna linki inayokwenda huko. Si kutupa, ni kuweka kando. Atieno atasoma kwanza mambo ya maji, ya homa, ya kumfunika mtoto vizuri mvua ikinyesha, akipata nguvu nitamwonyesha mengine. Linki mbili zilizoelekea huko nikazigeuza kuwa maneno ya kawaida. Mjanja kweli. Mama Pamela sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba nitampa Atieno aujaribu mwongozo kabla yeye hajawatangazia wazazi wengine.

Nilichosahau ni kwamba namba za sura Mama Pamela alikuwa amezichapisha ndani ya vichwa vyenyewe. Sikuzigusa. Wiki nzima nahangaika na namba za mafaili, na namba zilizo mbele ya macho sikuziona.

Leo Atieno alifunga meza yake mapema, akaja na Hawi mgongoni na mfuko wa nyanya zilizoiva mno kuuzwa. Nilimpa chai na anwani mpya. Mwanzoni alishika simu kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mtu mwingine. Sura ya kwanza. Mbele. Sura ya pili, pale Mama Pamela anapoeleza namna ya kumjibu jirani anayesema mtoto amerogwa, Atieno akacheka. Sijamsikia akicheka tangu tutoke maabara. Nikajipongeza kimya kimya. Mbele. Mbele. Hawi alikuwa sakafuni anafinya nyanya kwa vidole vyote, juisi inamtiririka mpaka kiwikoni.

Kisha kidole cha Atieno kikasimama. Akagusa Nyuma, akagusa Mbele, akarudi tena Nyuma.

"Nyaminwa," akaniita, yaani dada yangu, kwa sauti ya chini. "Hapa ni sita, halafu nane. Saba umepeleka wapi?"

Nikasema labda skripti imekosea.

"Skripti ni nani?"

Kisha akasema anajua ni ile ya kiharusi, aliona jina lake siku ile. Hapo nikafunguka kama mfereji: kwamba sikutaka kumtisha, kwamba ana mzigo wa kutosha, kwamba ningemwonyesha baadaye. Maneno mengi, kama kawaida yangu. Aliniacha nimalize yote.

"Sawa," akasema. "Inasema nini?"

Mimi niliyekata mwongozo huo, nikaunganisha, nikaupitisha kwenye skripti mpaka ningeweza kuuimba, sikujua sura ya saba inasema nini. Sikuwahi kuisoma. Nimekuwa nikijiambia namkinga Atieno, na kumbe aliyekuwa anakingwa ni mimi.

Niliona aibu, na ninaona aibu bado ninapoandika.

Nikafungua kompyuta pale pale mezani, nikafuta ule mstari, nikaendesha skripti upya. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Atieno akafungua ukurasa tena, akagusa Mbele, na saba ikaja. Akaisoma kwa sauti, pole pole, namna wanavyosoma matangazo kanisani, mvua ikipiga mabati juu yetu. Mdomo kulegea upande mmoja. Mkono kukosa nguvu. Maneno kupotea. Ukiona hata moja, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kukuche, usingoje nauli ya kesho. Sauti yake ilitetemeka mara moja tu, kwenye neno mkono, kwa sababu Hawi alikuwa ameinua wake kumwonyesha nyanya iliyopondeka.

Nilidhani imeisha. Haikuwa imeisha. Chini kabisa kulikuwa na aya fupi inayosema kwamba mtoto akifikisha miaka miwili kuna kipimo cha kichwa, kisicho na sindano wala maumivu, kinachoweza kuonyesha hatari kabla haijafika, na ikionekana mapema kuna matibabu. Muulize daktari wa kliniki. Kisha Mama Pamela ameandika: "Usingoje akuambie. Uliza wewe."

Atieno aliweka kidole juu ya mstari huo na kukiacha hapo.

"Mwezi ujao," akasema.

Ndipo nikazikumbuka nguo. Nikatoka kuzianua kwenye mvua ile ile, ingawa hakukuwa na faida tena ya kuzianua, nikalia huko kambani mahali ambapo hakuna anayejua lipi ni chozi na lipi ni tone. Tungekosa kipimo. Si kwa sababu hakuna aliyetuandikia. Kwa sababu niliandika iruke.

Niliporudi ndani Atieno alikuwa ameshapata la kuniagiza. Alitaka aya ile ya kipimo iwe na linki yake juu kabisa kwenye Yaliyomo, ili mama asilazimike kupita kwenye woga wote kabla ya kuifikia. Nikaiweka. Na zile linki mbili nilizoziua nikazifufua. Kisha akapitia kurasa zote kumi na nne mwenyewe, akitaja namba kwa mdomo, moja baada ya nyingine, na sikuthubutu kumwambia hakuna haja. Mama Pamela nilimpigia simu kabla giza halijaingia nikamweleza nilichofanya. Akauliza kitu kimoja tu, kama sasa zote zipo. Nikamwambia zipo.

Atieno ameenda nyumbani. Sakafu yangu inanata nyanya, na nguo zinachuruzika bafuni.

Jumatatu ni kliniki. Atieno atauliza. Mimi nitambeba Hawi na kunyamaza.